Kalipa inashika na gari ni la zamani: kabla hujanunua mpya, legeza skrubu ya upepo kwanza

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Hii kitu nimekaa nayo wiki mbili, leo naiandika yote maana najua kuna mtu humu gari lake linanuka breki sasa hivi na ameshaambiwa kalipa (ile inayobana pedi za breki kwenye diski ya tairi) imekufa, anunue nyingine. Mwenzenu nilinunua. Nikafunga mpya kabisa na tairi likaendelea kushika vilevile.

Gari lina miaka zaidi ya ishirini, diski mbele na nyuma. Ilianza taratibu, ukilegeza usukani kwenye barabara iliyonyooka linavuta kushoto, nikasema hiyo alaimenti. Nikapima alaimenti, iko sawa. Baadaye nikaona nikiachia mafuta gari haliserereki kama zamani, linapoteza mwendo haraka utadhani kuna mtu analishikilia kwa nyuma. Siku moja nimetoka safari ya kama saa nzima, nashuka tu nakutana na ile harufu kavu ya kitu kuungua, sio mpira sio oili, inakaa puani. Nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kushoto, sikuigusa, joto likanipiga kabla sijafika. Ya kulia ilikuwa vuguvugu tu.

Hapo kila mtu anakwambia kalipa. Na kweli mara nyingi ni kalipa, sikatai. Ila "breki inashika" ni dalili, haijakwambia ugonjwa uko wapi. Pedi inaweza kubaki imebana diski kwa sababu pistoni imeshika kutu ndani, au pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimekauka, au pedi zenyewe zimekwama kwenye breketi, au presha ya mafuta ya breki imefungiwa huko ndani hairudi. Hii ya mwisho kalipa haina kosa kabisa, na ndo ilikuwa ya kwangu.

Nilivyofunga ile mpya na tairi likashika tena, nikamtafuta mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Hakugusa kitu kwanza. Akapiga jeki, akaweka stendi, akaweka gia nyutro, akazungusha tairi kwa mkono, zito. Akaniambia kaa ndani kanyaga breki mara tatu achia. Tairi likakaza kabisa, halizunguki. Akachukua spana ndogo akalegeza ile skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, nusu mzunguko tu. Mafuta yakaruka, tsii, na papo hapo tairi likawa jepesi, analizungusha kwa kidole.

Akanieleza hivi, na naomba mlishike hili kuliko yote nitakayoandika. Ukilegeza ile skrubu tairi likaachia, maana yake presha ilikuwa imefungiwa, kwa hiyo tatizo liko juu ya kalipa, aidha hozi ya mpira inayoleta mafuta kwenye kalipa au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Ukilegeza na tairi likabaki limeshika, hapo presha haihusiki, kilichonasa ni chuma, sasa ndo uhangaike na pistoni, pini na pedi. Dakika mbili tu, spana moja, na hujanunua kitu.

Akaifunga, nikakanyaga tena, tairi likashika tena. Safari hii akalegeza ile nati ya bomba la chuma pale juu linapokutana na hozi. Mafuta yakatoka kidogo lakini tairi bado limeshika. Akarudi chini kwenye skrubu ya kalipa, likaachia. Kwa hiyo juu ya hozi presha imetoka, chini ya hozi bado ipo. Hozi ndo imeziba katikati.

Nikamuuliza imezibaje wakati nikikanyaga breki inafanya kazi? Akasema mguu wako ukikanyaga unasukuma mafuta kwa nguvu kubwa mno, yanapasua njia yanapita. Kurudi sasa, kinachorudisha pistoni ni ule mpira wa mraba ulioko ndani ya kalipa, unajipinda kidogo ukikanyaga na unajinyoosha ukiachia, nguvu yake ndogo sana, pistoni inarudi sehemu ya milimita tu. Nguvu hiyo haiwezi kusukuma mafuta kupita kwenye hozi iliyovimba ndani. Hozi imegeuka mlango wa kuingia tu.

Tulivyoitoa niliipasua kwa kisu kwa urefu. Nje ilikuwa nzuri, haina hata ufa. Pale kwenye kile kibano cha chuma kinachoishikilia kwenye shokapu, kutu ilikuwa imejaa kati ya chuma na mpira mpaka imeukandamiza kwa ndani, tundu la mafuta limebaki kama la sindano. Nimebadilisha hozi mbili za mbele kwa pamoja, maana umri wao ni mmoja. Kalipa yangu ya zamani ninayo, nzima.

Mafundi mliomo humu ongezeeni, na nilipokosea nirekebisheni.

Spana14

Mkuu umeeleza vizuri na nashukuru umeanza na kipimo sio na duka. Naongeza upande wa pili, yaani umelegeza skrubu na tairi bado limeshika, maana kwa magari ya zamani hiyo ndo ninayokutana nayo zaidi.

Toa tairi, toa kalipa, USIIACHE INANING'INIA KWA HOZI, ifunge kwa waya kwenye springi. Sasa soma pedi kabla hujazitupa, zinaongea. Ya ndani imeisha na ya nje bado nene, kwa hizi kalipa za pistoni upande mmoja, mara nyingi pini zimenasa, pistoni inasukuma ya ndani peke yake na kalipa haitelezi kuivuta ya nje, au pistoni yenyewe hairudi. Pedi imeisha kishoroba, nene huku nyembamba kule, angalia pini, moja inateleza na nyingine imegoma.

Pini ikiwa nzima unaivuta kwa vidole viwili na inarudi taratibu. Zile zilizonasa nimeshatoa kwa nyundo na moto. Ukiitoa isafishe mpaka uone chuma, kama kutu imeila na ina vishimo badilisha, pini ni kitu kidogo. Na lile tundu lake pia lisafishwe, watu wengi wanapaka grisi mpya juu ya uchafu wa zamani halafu baada ya miezi miwili wanarudi. Angalia pini zako vizuri, magari mengi moja ina kampira mwishoni na nyingine haina, ya juu irudi juu na ya chini irudi chini, ukizibadilishana unaweza kurudi mwanzo kabisa.

Grisi sasa. Naomba nisikilizwe hapa. Grisi ya kawaida ya beringi HAPANA. Mipira ya breki haipatani na grisi na oili zitokanazo na petroli, inavimba inakuwa laini kama ulimi na pini inabanwa na mpira wake yenyewe. Tumia grisi ya silikoni au ile ya sintetiki iliyoandikwa ni ya breki, kidogo tu. Ukijaza tundu lote hewa inakosa pa kwenda, pini inasukumwa nje kila ukiifunga.

Kitu kingine kinachosahaulika ni yale masikio ya pedi. Pedi inakaa kwenye breketi, na pale kuna vibati vyembamba. Kutu inaota CHINI ya vibati, inavisukuma juu, nafasi ya pedi inapungua, pedi inakaa kwa kulazimishwa. Ukiona unapigilia pedi kwa nyundo ili iingie ujue umeshaharibu kazi. Toa vibati, piga tupa na brashi ya waya mpaka chuma kiwe safi, rudisha vibati vipya, pedi iingie kwa kidole. Nimeona kalipa ngapi zinabadilishwa kwa kosa la kutu nyembamba kama karatasi, inauma sana.

Na lile vumbi usilipulize kwa hewa wala mdomo, hasa kama pedi ni za kale, zamani zilikuwa na asibestosi. Lilowanishe ndo ufute.

Mdau wa diski

Spana14 ubarikiwe. Swali, mleta uzi ameongelea tairi moja. La kwangu yanashika ya mbele yote mawili, asubuhi safi kabisa ila ukitembea nusu saa pedali inapanda juu inakuwa ngumu na gari linajifunga. Nikipumzika linaachia.

Spana14

Mdau, matairi mawili au zaidi kwa wakati mmoja usihangaike na kalipa kwanza, nenda kwenye masta. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo kinachoruhusu mafuta kurudi kwenye kopo ukiachia pedali. Pistoni ya masta isiporudi mpaka mwisho kitundu hakifunguki, mafuta yakipata joto yanatanuka hayana pa kwenda, yanasukuma pedi. Ndo maana asubuhi uko salama. Likishika safari nyingine, legeza nati mbili zinazoshika masta kwenye busta (ile inayoongeza nguvu ya mguu), kidogo tu, masta isogee mbele milimita kadhaa. Yakiachia, ile fimbo ya busta ni ndefu au pedali yenyewe hairudi, angalia pia swichi ya taa za breki kama haijaisukuma pedali. Yasipoachia, masta yenyewe. Halafu usiendeshe hivyo mkuu wangu, mafuta yakichemka pedali itakwenda mpaka chini na hakuna kitu.

Mleta uzi

Hapo kwenye kuchemka niongeze. Mafuta ya breki yanavuta maji hewani hata kama kopo limefungwa. DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 mapya na 155 yakiwa na maji. Na diski inayoshika inavuka hapo bila shida. Hayo hayo maji ndo yanaleta kutu kwenye pistoni, kwa hiyo kubadilisha kila miaka miwili kunaokoa kalipa pia. Yangu yalitoka na rangi kama chai ya rangi, nikaona aibu kwa hilo gari.

DadaUsukani

Habari kaka zangu. Nimefuata kipimo, nimefanya mwenyewe na mdogo wangu kwenye pedali. La kwangu ni nyuma kulia, nimelegeza skrubu tairi halijaachia, kwa hiyo ni chuma kama mlivyosema. Pini nimezitoa ziko safi zinateleza. Pedi zinaingia kwa kidole. Sasa nasukuma pistoni irudi ndani kwa klampu haitaki kabisa, na naogopa kuongeza nguvu. Kalipa hii ina waya wa hendibreki unaingia nyuma yake.

Spana14

Dada umefanya vizuri sana kuacha, USIONGEZE NGUVU. Kalipa ya nyuma yenye hendibreki ndani yake pistoni hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa KUZUNGUSHWA huku unaisukuma. Ndani kuna skrubu inayojirekebisha kadiri pedi zinavyoisha, ukiibana kwa klampu unaikata. Angalia uso wa pistoni utaona mikato miwili au msalaba, kuna kifaa chake cha kuingia pale. Nyingi zinazungushwa kulia, zipo za kushoto, jaribu taratibu utaona inazama. Ukimaliza ule mkato ukae mahali pake, maana pedi nyingi zina kachuchu nyuma kanakoingia pale. Na kwa magari yenye hendibreki ya umeme ni mpaka uiweke kwenye hali ya matengenezo kwanza, ila la kwako lina waya.

Kabla ya pistoni lakini, angalia kile kimkono ambacho waya umefungwa. Achia hendibreki, kisukume kwa kidole. Kinatakiwa kirudi mpaka kwenye kituo chake kwa springi. Kikibaki njiani, ama waya umekufa ndani ya ganda lake ama ekseli ya kimkono imeshika kutu. Chomoa waya ujaribu tena, kikirudi kosa la waya, kisiporudi kosa la kalipa.

Na ukirudisha pistoni legeza skrubu ya upepo, weka kimpira na chupa, yale mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi juu kwenye ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge). Yakimwagikia rangi ya gari mwagia maji mengi mara moja, yanakula rangi.

Gereji Ndogo

Mimi niongelee wanaoamua kubadilisha maana hawa wapo na wana haki yao. Kuna gari lililetwa kwangu, kalipa mbili mpya za mbele, mwenyewe amefunga, ametoa upepo mara nne, chupa za mafuta zimeisha na pedali bado laini kama sponji. Ameshaanza kuitafuta masta nyingine. Nikainama nikaangalia, skrubu za upepo ziko CHINI. Ya kushoto kaiweka kulia na ya kulia kushoto, zinaingia kabisa na bolti zinakaa. Hewa inakaa juu, skrubu iko chini, unatoa mafuta tu mpaka kesho. Skrubu ya upepo iko juu siku zote. Nikazibadilisha, nikatoa upepo mara moja, pedali ikawa jiwe.

Nyingine, zile washa (pete) mbili za shaba kwenye bolti ya hozi ni mpya kila mara. Na kwa gari la zamani wakati wa kutoa upepo usikanyage pedali mpaka sakafuni, weka kipande cha ubao chini yake. Masta ina sehemu pistoni haijafika miaka yote, kuna kutu na uchafu kule, ukiipeleka unachana sili zake na umejitengenezea kazi ya pili.

Mdau wa diski

Na kufungua kalipa na kuweka sili mpya (ule mpira wa mraba) inalipa au ni kujisumbua?

Gereji Ndogo

Inategemea pistoni mkuu. Itoe nje uitazame kwenye mwanga. Kuitoa tumia presha ya breki yenyewe, kanyaga pedali taratibu kabla hujachomoa hozi. Ukitumia hewa ya kompresa weka ubao mbele yake na hewa kidogo, vidole visikae pale hata sekunde moja, inaruka kama risasi, nimeona mtu kidole kimepondeka.

Ifute, pitisha kucha. Kucha ikikwama, kuna vishimo, hiyo pistoni nunua nyingine. Usipige msasa mkali kwenye kromu, ukishaitoa kutu inarudi haraka. Ukuta wa ndani wa kalipa ukiwa na alama kidogo haisumbui sana kwa sababu sili imekaa kwenye mfereji wake na inafunga juu ya pistoni. Ule mfereji sasa, ndo siri ya kalipa nyingi. Kutu na ukoko unajaa nyuma ya sili, unaisukuma iibane pistoni. Toa sili kwa kijiti cha mbao au plastiki, kwangua mfereji mpaka pembe zake zionekane, osha kwa mafuta ya breki au spiriti ya breki, vaa sili mpya iliyolowa mafuta ya breki, pistoni iingie kwa nguvu ya dole gumba. Ikihitaji klampu mwanzo kabisa imeingia upande, itoe uanze upya.

Kama skrubu ya upepo imekatikia ndani, au pale pini zinapoingia pameliwa, hapo chukua nyingine na usijilaumu.

Na diski msiisahau. Pembeni yake imeandikwa unene wa mwisho kwa milimita, pima. Ikiwa na madoa ya bluu imeshapikwa. Beringi ya tairi lile nayo izungushe usikilize, joto linayeyusha grisi yake.

Mleta uzi

Hii ya beringi sikuiwaza kabisa, kesho nanyanyua tena nisikilize. Asante sana mkuu.

DadaUsukani

Narudi na majibu. Kimkono hakikurudi. Nimechomoa waya, bado hakirudi, nimekisukuma kwa bisibisi kikasogea kwa kusita na unga wa kutu ukadondoka. Nimepulizia mafuta ya kulegeza, nikawa nakipeleka mbele na nyuma karibu saa nzima, kikaanza kurudi chenyewe lakini kwa uvivu. Pistoni nimeizungusha kulia ikazama vizuri, ngozi ya vumbi, ule mpira unaozuia uchafu usiingie kwenye pistoni, imechanika robo nzima.

Spana14

Dada, hiyo ngozi ikichanika na ekseli ya kimkono ikiwa na kutu, maji yameshakuwa yanaingia pande zote mbili. Ingekuwa pini ningekwambia safisha uendelee. Hii badilisha kalipa, kimkono kikirudi kwa uvivu leo kitagoma tena. Umepima, umefika kwenye kosa lenyewe, sasa nunua. Kulia iende kulia. Ukishamaliza, KABLA hujawasha kwenda popote, pampu pedali mpaka iwe ngumu, pedi ziko mbali na diski mara ya kwanza haitashika.

DadaUsukani

Nimefunga jana jioni. Washa mpya za shaba, skrubu iko juu, ubao chini ya pedali. Nilipampu mara kama sita ndo ikapanda, ile ya kwanza kweli ilikwenda mpaka kwenye ubao, nikashukuru nimeambiwa. Nikatoka sehemu tupu nikafanya kama mara kumi, mwendo wa 50 nashika taratibu mpaka 10 naachia, bila kusimama kabisa, pedi zikae. Nimerudi nikapima na kipimajoto, nyuma kulia 61, nyuma kushoto 58. Leo asubuhi nimeachia hendibreki kwenye kimteremko cha nje ya geti, gari likaanza kwenda lenyewe. Mdogo wangu akashtuka. Mwaka mzima lilikuwa linangoja mpaka nikanyage mafuta.